SOMO: Kupima mita 60 za mto kabla hujanunua shamba

Wakuu, nimeulizwa hili inbox mpaka basi, naandika mara moja tu. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zozote zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa, bwawa, hata bahari.

1. Nenda bodi ya maji ya bonde lako, ndo ofisi inayosimamia mito ya eneo lenu. Tanzania ina mabonde 9.

2. Uliza kama bikoni (nguzo za mpaka) za hizo mita 60 za mto zimewekwa. Zipo? Zifuate.

3. Hazipo, pima. Hapa ndo watu wanapigwa. Dalali anakupeleka mwezi wa tisa, maji yamebaki kamfereji katikati, anaanzia kwenye maji anahesabu hatua sitini anakwambia uko salama. Hauko salama! Anzia ukingoni, pale mto unapofika ukijaa masika: angalia takataka zilizonasa kwenye matawi, udongo uliomegwa, waulize wazee wa pale. Hatua siyo mita, na GPS ya simu inakosea mita kadhaa. Tumia tepu, kwenye mteremko ivute ilale sawa, ukiilaza kufuata ardhi, mita 60 zako zinakuwa pungufu.

4. Piga picha, mwenyekiti wa kijiji ashuhudie.

MASWALI

— Mkuu nina mita 40, kibanda kidogo si poa tu?
Rudia kusoma pale juu.

— Mbona majirani wanalima mpaka kwenye maji na hawafanywi kitu?
Sheria sijatunga mimi. Ila mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 unakauka kiangazi mpaka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi, maana maji yanaishia kwenye mashamba huko juu Usangu. Jirani yako hatakurudishia mto.

— Samahani, hizo mita 60 zinasaidia nini hasa?
Swali zuri sana dada. Mizizi inashika ukingo usimeguke, nyasi zinapunguza kasi ya maji ya mvua, kwa hiyo udongo, mbolea na dawa za shambani vinanasa humo kabla ya kufika mtoni, na kivuli kinayapoza maji, samaki wanazaliana.

— Naweza kupanda mikaratusi humo?
Hapana, inakunywa maji mno. Panda mikuyu au mianzi, na matete yaache yalivyo. Ongea na bodi kwanza.

— Na pampu?
Kibali cha kutumia maji, bodi hiyohiyo.

— Sisi huku tumeweka mizinga ya nyuki kwenye kingo, ng'ombe hawasogei kabisa.
Hii safi mkuu. Mmetundika juu ya miti au mmejenga vichanja?