Somo: Kuunda mashine ya kukamatia mizuka kwa vitu vya Kongowea

Tarehe 8 Juni 1984 filamu ya kuchekesha ya Ghostbusters, ya wakamata mizuka, iliingia sinema za Marekani, na mashabiki wameifanya siku hiyo kuwa sikukuu yao. Kwetu Mombasa imeangukia pazuri: masika inakatika, kusi linavuma, na mtu anaweza kusimama na ovaroli jioni pale ufukweni Mama Ngina asiloe jasho. Somo hili ni la vazi, hasa ile mashine ya mgongoni. Mwenye uwezo wa kuagiza ya kiwandani kutoka ng'ambo hana haja ya somo, ana haja ya subira ya forodha.

Kabla hujakata chochote, jua unaiga nini. Dan Aykroyd, aliyeibuni filamu hii na kuigiza ndani yake, ametoka kwenye ukoo ulioshughulika na mambo ya kuongea na roho, na hadithi yake ya mwanzo ilikuwa kubwa mno, watu wanahama dunia hata dunia. Mwongozaji Ivan Reitman akaishusha mpaka mitaa ya New York, Harold Ramis akakaa naye kuiandika upya, na kilichotoka ni hadithi ya mafundi. Ofisi yao ni kituo kikuukuu cha zimamoto. Gari lao ni Cadillac ya 1959 iliyokuwa ya kubebea wagonjwa, imenunuliwa ikiwa mbovu. Mzuka ukikusumbua unapiga simu, wanakuja, wanakuachia bili. Winston, aliyechezwa na Ernie Hudson, anapoulizwa akiomba kazi kama anaamini mambo haya anajibu kwamba mshahara ukiwepo ataamini lolote. Kijana gani wa Changamwe hajawahi kuingia kwenye usaili na moyo huo?

Kwa hiyo vazi linalong'aa limekosea. Linatakiwa lionekane limetoka kazini.

Hatua ya 1: Ovaroli. Ya filamu ya 1984 ni rangi ya kaki iliyopauka. Zunguka mitumba ya Kongowea asubuhi, utapata za makanika na za mabaharia. Ikiwa ya buluu usihangaike, kwenye katuni ya The Real Ghostbusters iliyoanza 1986 kila mmoja alikuwa na rangi yake. Mpe fundi cherehani akushonee kitambaa cheusi chenye jina kwa uzi mwekundu kifuani. Tia jina lako la ukoo. Mimi sipendi kuona "Venkman", jina la mmoja wa wakamataji wa filamuni, mara sita kwenye picha moja.

Hatua ya 2: Umbo la mashine. Hapa ndipo penye kazi. Chukua plaiwudi nyembamba, urefu sentimeta 60, upana 40, uifunge mikanda ya begi la shule kuukuu kwa boliti, si kwa gundi. Chini gandisha beseni la plastiki lililofunikizwa, hilo ndilo gurudumu la mviringo lenye taa. Juu yake panda boksi ulilokata kwenye jerikeni la lita 20. Vipande vidogo vinavyochomoza, vile vinavyoifanya ionekane mashine kweli, kata kwenye mkeka wa povu wa watoto, ule wa kupachikana, au kwenye soli za malapa yaliyochoka. Povu la namna hiyo ndilo wanalotumia waunda mavazi wa ng'ambo, na hapa pwani bahari hututupia ufukweni bure.

Gundi iwe ile ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, ngoja mpaka kidole hakinati, halafu kandamiza mara moja, maana ikishashika haisogei. Fanya uani penye upepo, watoto mbali, ule mvuke si wa kuchezea. Siku ya mvua acha kabisa, unyevu wa hapa huifanya ibanduke.

Usipulize rangi moja kwa moja juu ya povu, litainywa yote. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo, tabaka mbili tatu, kila moja ikauke. Na lile povu jeupe la kwenye makatoni ya televisheni usilitumie, rangi ya kupuliza hulila likabaki mashimo.

Hatua ya 3: Mipira na nyaya. Mpira wa gesi, mpira wa kuoshea gari, nyaya za kompyuta mbovu. Zitoke upande mmoja ziingie mwingine. Hakuna atakayekuuliza zinafanya nini.

Hatua ya 4: Taa. Nne nyekundu kwenye beseni, buluu moja ndefu kando. Taa za nyuma za baiskeli zinatosha, kila moja ina betri yake na inawakawaka yenyewe. Ukitaka zizunguke kwa zamu, mtafute fundi wa redio.

Hatua ya 5: Mtutu. Bomba la PVC, mpini mmoja, waya wa kuunganisha na mgongo. Ncha yake ipakwe chungwa kali. Sababu nitaisema.

Hatua ya 6: Kuchakaza. Puliza nyeusi isiyong'aa. Ikikauka, chovya brashi kavu kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye gazeti mpaka ikaribie kuisha, kisha pitisha kwenye kingo tu. Ongeza vibandiko vya njano vya hatari. Ni hapa plastiki inapogeuka chuma.

Hatua ya 7: Kutoka nayo. Isome mara mbili. Begi jeusi lenye nyaya na taa zinazowaka, na kitu kama bunduki mkononi, katika mji huu si mzaha. Ndiyo sababu ya ile ncha ya chungwa, ionekane si silaha. Usiivae kwenye matatu, usiivae kwenye feri ya Likoni, usiingie nayo dukani kwenye askari wa ukaguzi. Ibebe vipande vipande ndani ya mfuko unaoonekana, taa zimezimwa, ukaiunganishe mahali mlipokubaliana na wenyewe wa mahali wanajua. Askari akiuliza, fungua na eleza bila utani. Filamu ni ya kuchekesha, yeye yuko kazini.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mama Swabra, Kisauni: Mwalimu, babake watoto anasema tunachezea majini. Nimjibu vipi?*
Mama, mpe heshima yake. Mwambie haya ni mazingaombwe ya sinema, adui mkubwa mwishoni ni mtu wa peremende laini ya kuvimba mwenye kofia ya baharia. Ila nasi tuweke mpaka: picha hatupigi makaburini, wala Mnara wa Mbaraki, ambako wapo watu wanaokwenda kuomba na kutia ubani. Kumcheka mzuka wa New York ni sawa, ibada ya jirani tuiache.

*Binti wa Bondeni: Mimi navaa buibui. Nitafaa?*
Utafaa sana, dada. Ovaroli ukubwa wa juu, kitambaa cha kichwa rangi ya kaki, na mikanda ya mashine iwe mirefu kidogo. Filamu ya 2016 wakamataji wote wanne ni wanawake, akina Melissa McCarthy na Leslie Jones. Watu waliitukana hata kabla haijatoka. Mimi naona Kate McKinnon anapozungusha zile silaha zake ni katika vipande bora vya mfululizo wote, anayebisha na abishe.

*Kaka wa Magongo: Nizitazame kwa mpangilio gani?*
Ya 1984, ya 1989, halafu ruka mpaka Afterlife ya 2021 na Frozen Empire ya 2024, hizo ni hadithi moja. Ya 2016 imesimama peke yake. Kabla ya Afterlife jua kwamba Harold Ramis, yule Egon wa miwani, alifariki Februari 2014, na filamu nzima imejengwa juu ya pengo lake. Aliyeiongoza ni Jason, mwana wa Ivan Reitman. Mzee aliishi kuiona, akafariki Februari 2022. Uwe na leso karibu.

*Jirani wa Tudor: Tukikutana, tunaweza kuirusha ukutani mtaa mzima uone?*
Hadharani hapana, shekhe, labda mwe na ruhusa ya wenye filamu na mmepitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Sebuleni kwako na jamaa zako ni jambo jingine. Wimbo wa filamu, ule wa Ray Parker Jr., mnaujua kwa moyo, uimbeni barazani bila spika.

*Baba Twaha, Mikindani: Mwanangu ana miaka minane, hiyo plaiwudi si itamvunja mgongo?*
Yake iache plaiwudi na jerikeni. Kadibodi ngumu, beseni dogo, taa mbili. Hata waigizaji walikuwa na mashine nyepesi za povu kwa siku za kukimbia, zile nzito zilitumika kamera ikiwa karibu. Na mtutu wake uwe mfupi, apige chini, si usoni mwa dada yake.