Somo: Shinikizo, halijoto na ujazo wa gesi

Wengi wanaokosa hesabu za gesi wanaijua kanuni vizuri. Kinachowaangusha ni vipimo, kwa hiyo hatua ya 2 na ya 3 zisome mara mbili.

Hatua ya 1. Chukua bomba la sindano, toa sindano yenyewe, vuta hewa hadi mililita 20. Ziba tundu kwa kidole, sukuma polepole hadi 10. Utaisikia hewa ikigoma. Ujazo umebaki nusu, shinikizo limekuwa maradufu. Robert Boyle aliitangaza kanuni hii mwaka 1662: halijoto isipobadilika, P × V (shinikizo mara ujazo) haibadiliki.

Hatua ya 2. Geuza selsiasi kuwa kelvini, kipimo kinachohesabu kuanzia baridi ya mwisho kabisa, kwa kuongeza 273. Nyuzi 40 si joto maradufu ya nyuzi 20; ni 313 kwa 293, tofauti ndogo tu.

Hatua ya 3. Geji ya tairi inasoma ziada juu ya hewa ya nje. Ongeza shinikizo la hewa hiyo, takriban kPa 100 (kilopaskali, kipimo cha shinikizo), kabla ya kukokotoa.

Hatua ya 4. Sasa tumia P × V ÷ T (T ni halijoto kwa kelvini), ambayo haibadiliki kama gesi haijaongezwa wala kupungua. Tairi inasoma kPa 220 kwenye nyuzi 20, kisha inapata moto hadi nyuzi 50. Ujazo wake haubadiliki sana, basi: 320 × 323 ÷ 293 = 353. Toa 100, geji itasoma kama 253. Aliyeruka hatua mbili za juu atapata 220 × 50 ÷ 20 = 550! Jibu la namna hiyo likutie shaka papo hapo.

MASWALI

Mwalimu, mbona pampu ya baiskeli inapata moto wakati ujazo ndio unaopungua?
Kwa sababu unasukuma haraka. Nguvu ya mkono wako inaingia kwenye hewa kama joto, na halipati muda wa kutoka. Ndiyo maana hatua ya 1 nilisema polepole.

Na maji yanafuata kanuni hii?
Hapana. Jaza bomba lile lile maji, ziba, sukuma: halisogei. Chembe za maji zimeshabanana. Breki za gari zinategemea hilo hilo, na povu la hewa likiingia kwenye mrija wa mafuta ya breki, pedali inazama, maana mguu unaibana hewa kwanza.