Ukifunga kidhibiti presha ya turbo, anza chini
Kwa Subaru ya kutembelea kila siku, kidhibiti cha mkono, kile cha kurekebisha kwa skrubu, kinatosha. Cha umeme kina faida ukitaka kubadilisha presha ukiwa njiani. Funga geji ya presha kwanza, maana bila geji unabahatisha injini. Legeza skrubu kabisa, kisha kaza robo mzunguko, jaribu gia ya tatu mahali salama, soma geji, ndipo ukaze tena. Chini ya presha ya springi ya westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi) hutashuka, hata ulegeze vipi.

Tafadhali angalia mipira ya hewa! Ule wa kwenda westigeti ukichomoka, presha hupanda bila kizuizi na pistoni zinaweza kupasuka. Uwe mfupi, mbali na egzosi, na klipu kila ncha. Injini ikitoa mlio wa kugonga, toa mguu kwenye mafuta papo hapo.