Namna ya Kuitunza Ekseli Nyepesi ya Nyuma katika Camaro na Firebird za 1982 hadi 2002

Mwenye Chevrolet Camaro au Pontiac Firebird, magari ya General Motors ya Marekani, ya kati ya 1982 na 2002 ana gari ambalo injini yake iliongezewa nguvu mwaka baada ya mwaka, ilhali ekseli yake ya nyuma ilibaki karibu ile ile. Gari hilo lilipotoka, Marekani ilikuwa imepitia misukosuko miwili ya mafuta, wa 1973 na wa 1979, na injini kali kuliko zote katika Camaro Z28 ya 1982 ilitoa nguvu za farasi 165 tu. Kwa injini ya namna hiyo, difu (sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma) lenye krauni, yaani gia kubwa ya duara inayozungusha shafti za magurudumu, ya kipenyo cha inchi 7.5, ambalo General Motors ililifunga pia kwenye pikapu ndogo ya Chevrolet S-10, lilitosha kabisa. Kufikia 2002, Z28 ilikuwa na injini ya LS1 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 310, na krauni iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya inchi 7.625.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba difu hili huvunjika kwa sababu injini ni kubwa. Kinachoamua ni tairi. LS1 ya 1998 ilitoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa takriban newton-mita 454. Ukizidisha kwa gia ya kwanza ya giaboksi ya T56, yaani 2.66, kisha kwa uwiano wa difu wa 3.42 (propela shafti huzunguka mara 3.42 krauni ikizunguka mara moja), unapata zaidi ya newton-mita 4,100 kwenye shafti za magurudumu. Tairi la kawaida la barabarani haliwezi kuupokea msokoto wote huo, kwa hiyo huteleza, na kuteleza kwake ndiko kunakoiokoa krauni. Siku utakapofunga matairi laini ya mashindano, yale yanayong'ang'ania lami, kinga hiyo inaondoka, na kiungo dhaifu kinachofuata ni meno ya krauni na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni. Ndiyo maana gari lililozunguka mjini miaka ishirini bila tatizo linaweza kuvunja difu katika safari yake ya kwanza kwenye uwanja wa mashindano.

Kabla ya kununua kifaa chochote, hakikisha unajua ulicho nacho. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha hesabu bolti za kifuniko cha nyuma cha difu. Zikiwa kumi, ni ekseli ninayoieleza hapa. Zikiwa tisa, ni ile ya kampuni ya Borg-Warner iliyofungwa kwenye baadhi ya magari ya miaka ya 1980, ambayo vipuri vyake ni vingine. Shafti za mwanzo zilikuwa na meno 26 kwenye ncha inayoingia ndani ya difu, na za baadaye zilikuwa na meno 28. Ukikuta zile za meno 26, ningeshauri uzibadilishe mapema, kwa sababu shafti ya ekseli hii hushikiliwa kwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C kilichoko katikati ya difu. Shafti ikikatika, hakuna kitu kingine cha kulizuia gurudumu lisitoke pamoja na kipande kilichobaki. Hili ni suala la uhai, na halipaswi kungojea bajeti ya mwaka ujao.

Ukaguzi wenyewe huanza na oili. Difu hili kwa kawaida halina bolti ya kumwagia, hivyo legeza kifuniko, iache oili ishuke kwenye karai, na uitazame. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na ukivikuta usilirudishe gari barabarani. Futa krauni kwa kitambaa na ulipitie kila jino kwa tochi, hasa upande unaosukumwa gari linapokwenda mbele. Kisha pima kwa saa ya kupimia uchezaji kati ya krauni na pinioni: kati ya milimita 0.13 na 0.23 ni sawa, na kipimo kisitofautiane sana unapoizungusha krauni. Shika pia jicho la pinioni, pale propela shafti inapofungwa, ulisukume juu na chini. Likicheza, beringi za pinioni zimelegea, na meno hayakutani tena mahali pake.

Usisahau shafti zenyewe. Beringi ya nje ya gurudumu haina pete ya ndani, roli zake huzunguka moja kwa moja juu ya shafti, na kwa hiyo beringi ikichakaa huchimba mfereji kwenye chuma. Kubadilisha beringi na sili huku ukiacha shafti iliyochimbika ni kupoteza kazi. Ili kuitoa shafti, unafungua bolti ndogo inayozuia pini ya katikati. Bolti hiyo hukatika kwa urahisi, basi ifungue taratibu na uweke mpya unaporudisha.

Udhaifu mkubwa kuliko krauni yenyewe, kwa maoni yangu, ni nyumba ya difu. Krauni inapopokea msokoto mkubwa husukumwa pembeni, mbali na pinioni. Vishikizo vya beringi vinajipinda kidogo, na meno yanabaki yanashikana kwa ncha tu. Kifuniko kinene cha alumini chenye skrubu mbili zinazoegemea vishikizo hivyo husaidia, mradi skrubu zikazwe kidogo tu, mpaka zigusane. Mabomba mawili ya ekseli nayo yameingizwa kwa kushindiliwa katika nyumba ya chuma cha kusubu, na yanaweza kujizungusha humo. Fundi anayejua kulehemu chuma cha kusubu, ambaye atakipasha joto kwanza na kutumia fimbo zenye nikeli, anaweza kuyafunga pale pale. Asiyejua ataipasua nyumba.

Kuhusu uwiano, wengi hukimbilia 4.10 ili gari liwe jepesi kuondoka. Pinioni yake ni nyembamba zaidi, na kwenye krauni ndogo kama hii kila milimita ina thamani, kwa hiyo 3.42 au 3.73 ni chaguo la busara zaidi. Kumbuka pia kwamba kikombe kinachobeba krauni za 3.08 kushuka chini si kile cha 3.23 kupanda juu.

Uendeshaji una uzito sawa na vipuri. Kuachia klachi ghafla kwa mzunguko wa juu huongeza pigo juu ya msokoto, lakini kibaya kuliko hicho ni kule gurudumu la nyuma kurukaruka, likishika na kuachia lami mara nyingi kwa sekunde, kila mara likiligonga difu kama nyundo. Ukiusikia mrindimo huo, ondoa mguu papo hapo. Chanzo chake mara nyingi ni raba zilizokufa kwenye mikono ya chini ya ekseli, nazo ni za bei nafuu kuliko krauni mpya.

Gari likishapata matairi ya mashindano, uimarishaji wote huu unanunua muda tu, na fedha iliyobaki ni afadhali iwekwe kwa ajili ya ekseli ya bolti 12 au ile ya Ford ya inchi 9. Kwa anayebaki na ekseli yake, funga kifuniko, jaza oili ya 75W-90 ya daraja la GL-5, ongeza dawa ya msuguano ikiwa difu lako linajifunga kwa klachi, na kama umefunga krauni mpya, endesha kilomita 800 za kwanza bila kulivutisha zigo wala kulikimbiza, kisha mwaga oili hiyo na uweke nyingine.