Tachi inakata baada ya kuwaka? Cheki umeme kwenye divaisi trii (faili linaloieleza Linux vifaa vilivyopo)

Tuseme unaunda mzani wa dagaa wenye skrini ya kugusa, wa kutumia pale Kibirizi Kigoma, tachi inakubali ukiwasha halafu baada ya sekunde kama 30 inakufa, usikimbilie kulaumu draiva. Kenel (kiini cha Linux) huwa inazima regulata (kifaa kinachotoa umeme wa volti maalum) ambayo hakuna draiva iliyoiomba, ndo hivyo tu. Goodix GT911, chipu ya tachi, inataka mistari miwili kwenye divaisi trii, AVDD28-supply na VDDIO-supply, kila mmoja uelekeze kwenye regulata yake. Kama umeme unawashwa na pini ya GPIO (pini ambayo programu inaiwasha na kuizima) tengeneza nodi, yaani kipande cha divaisi trii, ya regulator-fixed, volti andika kwa maikrovolti (3.3V ni 3300000), na kama pini inawasha ikiwa juu weka enable-active-high, la sivyo kenel itadhani inawasha ikiwa chini. Kisha piga dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kenel), ukiona "using dummy regulator" basi jina la mstari wa -supply halijashika, herufi kubwa na ndogo si sawa hapa.