Zoezi la umeme kukatika, palepale wodini

Wenzangu wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapa Kampala, msingoje semina ya hotelini ndipo mfanye mazoezi ya dharura. Fanyeni wodini, kwenye kitanda kilicho wazi, dakika kumi tu wakati wa kupokezana zamu. Mgonjwa ni mdoli; kama hamna, mto uliobandikwa mrija wa kupumulia kwa plasta unatosha.

Zoezi ninalolipenda: umeme umekatika, jenereta haijawaka, betri ya mashine ya kupumulia imekwisha. Washa saa ya simu, tazama. Nani anamtoa mgonjwa kwenye mashine? Ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, iko wapi? Sisi mara ya kwanza ambu ilikuwepo, mtungi wa oksijeni umejaa, lakini spana ya kuufungulia ilikuwa mfukoni mwa sista aliyekwisha panda boda kwenda kwake! Sasa spana imefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Darasani jambo hilo tusingeliona kamwe.

Kwa mtu mzima mwenye mrija, bonyezeni ambu mara moja kila sekunde 6, mkihesabu kwa sauti. Ukiwa na hofu mkono hukimbia wenyewe.

Mkimaliza, kaeni mzungumze. Aanze mdogo kuliko wote, daktari awe wa mwisho, maana akitangulia yeye wengine wote ni "ndiyo, daktari". Na dawa za zoezi ziandikwe ZOEZI kwa wino mwekundu, ziondolewe kwenye toroli kabla hamjatawanyika.