Namna sisi walimu watatu tunavyopima vitendo vya maabara

Walimu wenzangu wa sayansi, anzeni na stadi moja tu. Sisi tulianza na titresheni ya kidato cha tatu, yaani kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuuongezea mwingine kidogo kidogo hadi rangi ibadilike.

Kabla ya kipindi, kaeni pamoja muandike kile ambacho jicho linaona. "Anaelewa titresheni" haipimiki. Andikeni hivi: amesuuza bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) kwa asidi yenyewe, si kwa maji peke yake; ameondoa faneli kabla ya kusoma; jicho liko usawa na sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika; amefunga bureti pale methili oranji, kiashiria cha rangi, ilipotoka njano kuwa rangi ya chungwa, kabla haijawa nyekundu.

Kisha wote mtazameni mwanafunzi yuleyule, kila mmoja na karatasi yake, bila kunong'onezana. Hapa ndipo penye kazi. Mara ya kwanza nilimpa binti mmoja alama 4 kati ya 5, mwenzangu akampa 2. Yeye aliangalia jibu, mimi niliangalia mikono. Tulibishana hadi kengele ya mwisho, tukakubaliana kwamba mikono na hesabu zipewe alama tofauti. Binti yule alikuwa na mikono mizuri sana. Alichohitaji ni kusaidiwa kukokotoa moli, yaani kipimo cha kiasi cha kemikali. Naumia nikifikiria wangapi niliwapita kabla yake.

Mna wanafunzi 60 na bureti 8? Pimeni wanane kwa kipindi, kwa zamu. Vigezo vibandikwe ukutani wiki moja kabla, wanafunzi wavisome na waulize.